Pini ya Ishirini

Kipakatalishi hiki nilikinunua kwenye mnada wa shule,
hapa Kuldīga, mwezi wa pili, kwa bei ya mkate na jibini.
Kifunikoni kuna kibandiko cha kalunguyeye,
uso umechubuka, miguu imebaki.
Kina miaka kumi na sita. Kinawaka.
Kinapumua kwa feni yenye kikohozi.
Ila hakisikii: waifai inapenya ukuta,
inapita juu ya supu, inapita mwilini mwangu,
chenyewe kimekaa tu
kama mgeni asiyejua lugha ya mezani.

Aliyenitia kazini ni Bi Vizma wa ghorofa ya juu.
Ofisi ya maji imefunga kile kidirisha chake;
siku hizi namba za mita zinapelekwa mtandaoni
kabla ya tarehe ishirini na tano kwisha.
Ukichelewa wanakukadiria.
Na wakikukadiria, anasema,
wanakuogesha mara kumi kwa siku.

Basi usiku wa siku hiyohiyo nikakilaza kifudifudi.
Skrubu saba. Ya nane tundu tupu:
kuna mtu alishapita humu kabla yangu.
Nikang'oa kadi iliyokufa, ndogo kama stempu mbili,
nikachomeka mpya (mpya kwangu,
nimeitoa kwenye maiti nyingine).

Hapo nilicheka peke yangu.
Eti kadi isiyo na waya,
na kabla haijatamka neno inadai nyaya mbili,
nyeusi na nyeupe, nyembamba kama uzi wa kutariza,
zinazopanda kupitia bawaba hadi pembeni mwa kioo.
Kichwa cha waya hukaa kwa mlio mmoja, tik.
Usipousikia, hujafunga. Ukikandamiza, umevunja.

Saa nne nikaweka kiendeshi. Kikakataa.
Nikaweka cha zamani zaidi. Kikakubali, kisha kikanyamaza.
Nikaiuliza mashine, ikajibu kwa mistari miwili:
*Imezuiwa na programu: hapana.
Imezuiwa na swichi: ndiyo.*

Swichi. Ubavuni, karibu na tundu la spika.
Kijino chake kilishakatika,
labda kwa ukucha wa mwanafunzi aliyechoshwa na jiografia.
Nilichokonoa kwa sindano, kwa kijiti, kwa matusi.
Ndiyo, ikasema. Ndiyo. Ndiyo.

Bi Vizma akashuka na ndala zake za sufu,
karatasi mkononi: baridi 00418, moto 00207.
Nikamweleza: kadi nzima, lakini pini moja, ya ishirini,
bado inapokea amri kutoka kwa swichi mfu
kwamba ni marufuku kusema.
"Basi izibe masikio," akasema,
kana kwamba nimemwonyesha kifungo kilicholegea.

Miaka thelathini alishona glavu kiwandani.
Akavaa miwani juu ya miwani.
Tukageuza kadi, maana namba shufwa zote ziko nyuma,
tukahesabu mara mbili, tukapishana, tukahesabu tena.
Akakata utepe wa plastiki kwa mkasi wake wa nyuzi,
kipande chembamba kuliko kope,
akakilaza juu ya pini kwa ncha ya sindano
bila kupumua.
Mimi pia sikupumua. Feni ilikuwa imezimwa.

Taa ndogo ya bluu.
Halafu majirani wakajitokeza kwenye kioo, mmoja mmoja:
USINIOMBE. Mbwa_wa_Tālivaldis. Chumba cha 9 Kimya Tafadhali.
"Huyu wa tisa ndiye mwenye tarumbeta," akanong'ona.

Saa sita kasoro dakika tisa tukatuma namba.
Ukurasa ukafikiri. Ukajibu:
*Matumizi yako ni madogo isivyo kawaida. Je, una uhakika?*

Bi Vizma akausoma mara mbili, miwani yote miwili.
"Nina kikombe kimoja," akauambia ukurasa.
Akabonyeza ndiyo kwa kidole cha kati, kwa nguvu,
akapanda zake kulala.

Nikafunga. Skrubu sita.
Ya saba nimeitafuta chini ya zulia hadi leo.
Atakayekifungua baada yangu
atajua kuna mtu alipita,
na akiona kale kautepe, nitashukuru asikabandue.