La

Aristidi alivuta uzi wa buzuki, akasema: hii ndiyo la.
Hasmukh akagonga ukingo wa tabla kwa kinyundo,
tak, tak, akainamisha sikio:
la, hiyo siyo. Hii.
Kitu kimoja kinaitwa la
na kila mtu anamwambia mwenzake la.

Tulikuwa Kamalondo, katika karakana ya baiskeli
aliyoiacha babake Aristidi,
grisi bado ukutani, rimu kumi na moja zikining'inia darini
zikiitikia kila tulichopiga
kama watoto wa jirani.

Mimi karindula yangu nimeiunda mwenyewe:
pipa la mafuta, nyaya nne za breki,
ngozi ya mbuzi wa harusi ya dada yangu.
(Ndoa ilikufa. Ngozi ipo.)
Haijui la.
Inajua jua: likiwaka inakaza,
mvua ikinyesha inalegea kama mdomo wa mlevi,
nami huiota kwenye makaa, nikiizungusha,
wenzangu wakidhani napika.

Aristidi akatoa simu. Mshale ukaenda nyekundu, kijani, nyekundu.
"Dunia nzima," alisema, "inapima hivi."
Mwadi alikuwa amekaa juu ya tairi, anamenya karanga.
"Dunia yote? Iliniulizaka siku gani?"

Na Muhunga, kisanji mapajani, kimya.
Vyuma vyake ni spoku alizozinunua humu humu
kwa marehemu, enzi za kuhesabu mazaire kwa mafungu,
akazifua bapa kwa jiwe.
Chuma cha hivyo hakina sikio la kupindwa.
Ukitaka kukisogeza, kibembeleze usiku kucha,
na asubuhi kinaweza kukataa.

Ndipo umeme ukakatika.

Rimu zikanyamaza. Simu ikabaki peke yake, uso wa buluu,
kisha nayo ikafa.
Nyuma ya ukuta Mama Sela akavuta kamba mara tatu,
akatukana mara moja,
na mashine yake ya mazuti ikaamka, ikaanza kusaga.

Sauti ile!
Nimekula bukari yake miaka ishirini
bila kujua kwamba inaimba.
Ilipita kwenye matofali, ikapanda kwenye miguu ya viti,
ngozi ya mbuzi ikatetemeka kabla sijaigusa.

Hakuna aliyesema tuifuate.
Gizani nikasikia kinyundo cha Hasmukh, tak, pole pole,
kikishuka.
Nikasikia vigingi vya buzuki vikilalamika, nusu ya nusu ya hatua,
na Aristidi akipumua puani kama mtu anayelipa deni.
Nikakaza breki zangu.

Muhunga hakugusa chochote.
Alipiga chuma cha katikati, kimoja,
nacho kilikuwa tayari kimefika.
Kumbe amepanga chumba nyuma ya mashine ile.
Miaka kumi na miwili anabembeleza vyuma usiku,
kichwa ukutani.

Tukapiga.
Sitasema ilikuwa nzuri. Hasmukh anahesabu saba, mimi sita;
tunapishana, tunapishana,
tunakutana kwenye arobaini na mbili
kama ndugu wanaoonana msibani tu.
Lakini pale tunapokutana, wee!
Mwadi aliweka karanga chini,
akaachia kilio cha bibi yake wa Kiluba, kile cha kusindikiza,
na buzuki ikamfuata nyuma, imevua kofia.

Siku ya onyesho umeme ulikuwepo.
Mama Sela alikaa safu ya tatu, kitenge kipya,
unga bado kwenye nyusi.
Hapakuwa na mashine; Mwadi alifumba mdomo
akaitoa puani, mmm,
nasi tukaipokea mmoja mmoja.

Fundi wa sauti, kijana kutoka Kinshasa, akavua vifaa vya masikioni.
"Wakubwa, samahani. Wote mko chini kidogo.
Niwape la?"

Tukamjibu, watu watano, pumzi moja:
la.