Maneno Saba

Punta Arenas, mwaka wa elfu mbili tisini na nne.
Upepo umeshamvunja meya mkono,
na sisi wengine tunatembea tumeshika kamba za barabarani
kama mbuzi wapelekwao mnadani.
Mimi ni Danica Kusanović, mpelelezi.
Pua yangu imevunjwa mara mbili. Walioivunja
bado wanahesabu meno.

Kesi: Hifadhi ya Sauti imeibiwa.
Humo kila marehemu ana kioo, kidogo kama ukucha,
na ndani yake maneno mia aliyoyasema angali hai.
Mwizi hakubeba kioo hata kimoja.
Alidokoa neno hapa, neno pale,
akaacha vitundu vya kimya.

Kwa mvuvi Ojeda alichukua "vua".
Kwa mjane wa sokoni, "kaa".
Kwa dereva wa teksi, "buti".
Kwa mzimamoto aliyefia kazini, "moto".
Kwa mpishi wa gereza, "supu".
Kwa mwalimu wa sarufi, "ingali",
na hilo hakuna aliyeweza kulieleza.

Mkuu wangu akapiga meza: "Magendo!
Wanavua kaa usiku, wanawaficha kwenye buti za magari,
kisha watachoma ghala moto kufuta ushahidi."
"Na supu?"
"Supu ni supu, Kusanović. Kamata watu."

Nikapekua buti mia moja na kumi na mbili.
Nikapata matairi ya akiba, kondoo mmoja mzima,
na mume wa mtu.
Kaa, hata gamba.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Wahenga hawakufika huku: nimevaa nguo tano,
moja juu ya nyingine, na sikujua nianzie ipi.

Mlinzi wa usiku pale Hifadhini ni Eleuterio Cárcamo.
Hana sauti; uvimbe wa koo uliondoka nayo.
Anaandika kwa chaki kwenye kibao,
na neno lake la kwanza kwangu, mwaka juzi, lilikuwa "Miguu!"
maana nilikuwa nimeburura matope ukumbi mzima.
Tangu hapo napita kila Alhamisi. Ukaguzi, nasema.
Nasimama safu ya kumi na tisa,
naweka kiganja kwenye kioo cha mama yangu, Zorka,
kisha naondoka.
Miaka kumi na mmoja sijakisikiliza.
Kupigwa najua. Hilo sijui.

Usiku wa nane wa upelelezi nikalikagua daftari mwenyewe.
Palikuwa na kitundu cha saba.
Safu ya kumi na tisa.

Nilimkuta kwenye kijiko cha zamu, sufuria ikitokota.
Hakukimbia. Nilitoa bastola, nakiri,
na kama mkono ulitetemeka, andikeni ni baridi.
Akajifuta chaki vidoleni, akabonyeza kitufe,
na wafu saba wakasema wakipokezana
kama watu wanaopitishiana ndoo.

Mama yangu kwanza, kwa ile sauti ya kuniita mezani:
"Danica."
Mvuvi: "vua."
Dereva: "buti."
Mjane, kwa upole ambao soko halikuujua: "kaa."
Mpishi: "supu." Mwalimu: "ingali."
Na mzimamoto, taratibu,
kama mtu ambaye neno hilo halikuwahi kumuunguza:
"moto."

Upepo ukatikisa bati. Hakuna aliyesema kitu,
na mmoja wetu alikuwa na sababu.

Ripoti inataka jina la mshukiwa.
Nimeandika herufi moja, wino ukaganda.
Simu ya mkuu inaita ndani ya koti la tatu.
Nimeinama; kamba za buti zimeshikwa na barafu,
fundo halisikii vidole,
na Eleuterio amepiga magoti
na kisu cha vitunguu.

"La mama utalirudisha," namwambia. "Kesho."
Anaitikia kwa kichwa, anakata kamba.
"Lakini lipige tena kwanza."