Tu

Kabla feni ya korti namba nne haijaamka
nimeshakunywa chai ya tangawizi,
nimeshafunga tai niliyorithi kwa mkalimani aliyenitangulia.
Kazi yangu ni mdomo. Mdomo wa wengine.
Miaka kumi na tisa hapa Mombasa nimebeba uongo wa watu
na ukweli wao
kwa sauti ile ile.

Leo ni Mejumaa Chirima, wa Likoni,
aliyekopa friza la kuuzia samaki.
Stima ikapotea siku tatu.
Samaki wakaoza, deni halikuoza.
Mdai, Bwana Nyondo, yuko benchi la mbele,
risiti zake ndani ya mfuko wa nailoni;
naye benki yampigia tangu alfajiri,
simu yatetemeka mfukoni, haishiki.
Ombi lake fupi: Shimo la Tewa, siku thelathini,
huyu mama akumbuke kulipa.

Wakili kijana, kola imelowa jasho,
akasimama na karatasi, akataja mkataba.
Nikamgeukia Mejumaa: mkataba.
Akashtuka. "Ule nilotia dole gumba?"
La, mwingine.
"Mwingine sikutia. Wallahi sikutia."
Korti ikacheka. Hakimu hakucheka.

Nimwambieje?
Lugha yetu imezipa jina moja
karatasi ya friza na karatasi ya mataifa;
moja yataka kumfunga, moja yataka kumfungua,
zote mbili mkataba.
Nikainama sikioni: huu uliridhiwa na nchi
mwaka wa sabini na mbili, wewe hujazaliwa.
Wasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alikaa barazani miaka thelathini na minane,
twampita, hatumwamkii,
mpaka katiba mpya, ibara ya pili,
ikamwambia: ingia ndani, u wa nyumba hii,
jembe lako lile pale.

Mejumaa akanitazama
kama aliyeambiwa ana mjomba Ulaya.
"Na huyo mgeni yuwasemaje?"

Wakili akasoma. Nikafasiri,
kila silabi naipima kwa meno:
Hakuna atakayefungwa
kwa sababu tu
ya kushindwa kutimiza ahadi ya mkataba.

Hakimu akaweka kalamu. "Mkalimani, rudia."
Kwa sababu tu.

Neno dogo hivi,
laweza kupotea ndani ya kikohozi,
na mlango wote umening'inia hapo.
Maana anayeweza na hataki, hakimu akasema,
huyo mkataba haumfichi.
Lakini asiyeweza? Jela haitagi shilingi.
Mama, una nini?
Nikafasiri sufuria mbili,
cherehani ya dada yake, mbovu,
na friza lenyewe, siku hizi kabati la nguo za watoto.

Bwana Nyondo akainua mkono kama mwanafunzi.
"Na mimi? Mkataba wangu mie, nani kauweka rafuni?"
Alisema kwa Kiswahili, kila mtu alisikia,
hata hivyo nikaurudia kwa Kiingereza, ndiyo kazi,
na sauti ikanikwama.
Hakuna kifungu kilichosimama kumjibu.

Uamuzi: hafungwi. Deni lipo.
Mia tano kila wiki, mpaka liishe
au mpaka waje tena hapa.
Nyondo akakunja mfuko wake, mara nne,
kwa adabu.

Ngazini Mejumaa akanisubiri,
leso kaifunga upya, viatu mkononi.
"Hao walotia sahihi, wangapi?"
Nchi nyingi, mama. Zapita mia na sabini.
"Na sisi?"
Tumo, nikamwambia.
Ndipo nikalisikia lile neno,
safari hii limetangulia.