Stara ya Mzizi

Kache ndiye aliyeliona kwanza,
msusi wangu wa Majengo, kitana mkononi,
akanyamaza katikati ya umbea.
Kache hanyamazi. Nikajua kuna msiba.
"Shoga, hapa nyuma pana shilingi,"
akakishika kidole changu, akakiweka juu yake:
laini, baridi, kama shavu la mtoto.

Wiki ya pili zikawa tatu.
Mama mkwe akasema ni jicho,
jicho la jirani aliyezisifu nywele zangu harusini
bila kutaja jina la Mungu.
Akanifukiza hadi nikakohoa.
Shemeji akasema mapunye,
akaleta dawa ya kupaka iliyonuka kama betri.
Mume wangu hakusema kitu.
Aliokota nywele kwenye mto alfajiri,
moja moja, akidhani nimelala.

Daktari Kadzo Mwaringa alinikalisha dirishani,
akashusha kioo chake cha kukuzia,
akanionyesha vinywele vya ukingoni,
vinene juu, vyembamba chini.
"Hizi tunaziita alama za mshangao."
Nikacheka. Basi hata kichwa changu kimeshangaa.

Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayekunjua kanga mpya:
kila mzizi wa unywele una stara yake.
Mwili umeutundikia pazia
ili askari wa damu wapite wasiuchungulie.
Siku moja pazia huanguka.
Nani kalivuta? Hapo alinyoosha mikono mitupu.
Pengine ukoo, pengine homa, pengine huzuni,
pengine kitu ambacho bado hakijapewa jina.
Askari huona uso wasioujua,
hupigiana filimbi, wakauzingira kama nyuki.
"Mzizi haufi," alisema. "Umezingirwa tu."

Mimi ni karani wa forodha, Kilindini.
Nimezoea makosa ya geti:
kontena la mchele, karatasi zote safi,
askari mgeni akaona muhuri umelegea
akalizuia siku arobaini.
Nilielewa upesi kuliko alivyotarajia.
Nikauliza: basi hapa anapigiwa simu nani?

Ndipo akanipa habari za utafiti.
Kidonge kimoja asubuhi, kimoja usiku,
cha kuikata ile filimbi isifike kwa askari wa pili.
Nusu yetu tutapewa dawa, nusu unga mtupu,
vyote vyeupe, vyote sawa.
"Na mimi sitajua nani kameza nini."
Nikatia sahihi. Nikawa namba thelathini na moja.

Miezi minne.
Jasho la Machi chini ya mtandio,
damu kwenye vichupa kila mwezi,
na kichekesho nisichomwambia mtu:
mimi, niliyejisitiri tangu utotoni,
mizizi yangu ndani ya ngozi inatembea uchi.

Alhamisi iliyopita rula ilikaa kichwani muda mrefu.
"Kuna nini?"
"Nywele. Nyeupe. Milimita mbili."
Nyeupe! Nami nina miaka thelathini na minne.
Nikaomba kioo, nikaomba na kioo cha pili:
malaika, kama ya shingoni mwa kifaranga.
"Ni dawa?"
"Au unga. Au mwili umechoka kugombana.
Wakati mwingine hurudi zenyewe, bila kumshukuru mtu."
Akaandika. Uso wake haukuruhusiwa kufurahi,
ila kalamu iliipitia ile mbili mara ya pili.

Leo alfajiri nilimkuta mume wangu na mto mapajani.
Sikujifanya nimelala.
Nikamshika kidole,
nikakiweka kwanza penye vyeupe,
kisha nyuma ya sikio la kushoto,
penye shilingi mpya
ambayo daktari bado hajaiandika.