Mlango wa Mama Ngailo

Alfajiri ya Julai, Njombe, simu inalia
nami bado nimejikunja kama kiazi chini ya mablanketi.
"Fundi, mlango wa banda umegoma.
Gari liko ndani, mjukuu ana mtihani,
na nimeshamwaga maji ya moto, birika mbili."

Birika mbili!
Mama, hayo maji sasa hivi ni kioo juu ya reli.
Ungenipigia jana ningekwambia: grisi, matambara, subira.
Lakini nani humpigia fundi jana,
mlango ukiwa bado unafunguka?

Nashuka Mji Mwema na mfuko wa spana begani.
Majani yamevaa sakitu, yanavunjika chini ya buti.
Vijana wa bodaboda wameota moto wa maranda,
midomo ikitoa moshi bila sigara.
Skola anapita nyuma ya pikipiki, kitenge hadi puani:
mtihani haungoji mlango.

Kamwene.
Kamwene, fundi. Ingia. Au tuseme, simama hapo nje,
maana kuingia ndiyo shida yenyewe.

Naujua mlango huu. Mzee Ngailo aliuunda mwenyewe
kwa mapipa ya lami, yale yaliyoachwa na wajenga barabara,
akayapasua, akayaponda kwa nyundo mwezi mzima,
akayapigilia kwenye mbao za mkaratusi.
Ukiufuta vizuri utaona namba za pipa bado.
Mzito kama fahali aliyekataa zizi.

Nikapiga futi kamba. Nikachokoa kwa bisibisi.
Nikasema ukweli, maana kazi hii ukidanganya inarudi usiku:
"Beringi zimekwisha. Fremu imeoza chini.
Mbao huvimba na ukungu wa Machi,
kisha kipupwe kinazipinda.
Tuweke mpya, mama. Skwea paipu, shiti nyepesi,
utausukuma kwa kidole. Laki sita na nusu."

Hakujibu bei. Aliweka kiganja
pale palipobonyea, usawa wa kiuno,
Mzee aliporudisha Datsun nyuma bila kutazama
siku ya posa ya binti yao, wageni wote wakishuhudia.
"Na hapa?"
"Hapo panatoka na mlango, mama."
"Wewe umejibu mlango. Mimi nimeuliza hapa."

Nikawasha grenda ili nisihitaji kusema.
Kuku wa jirani wakasogelea cheche
wakidhani jua limeshuka kuwatafuta.

Siku tatu. Umeme ukakatika mara mbili,
redoksaidi ikagoma kukauka kwa ile baridi,
na chai yake ya tangawizi haikukatika hata mara moja.
Ule mlango mkuukuu nikaulaza uani,
nikakata kipande kilichobonyea, ukubwa wa sinia,
nikakisugua kingo kisije kumkata.
Nilidhani atakitundika sebuleni, karibu na picha.

Akakipima kwa macho, akakielekeza kwa kidole cha mguu:
"Kifunge pale chini, upepo unapopenya.
Alikuwa harudi nyuma akatazama.
Basi akae hapo, azibe."
Akacheka peke yake. Nami nikachelewa kucheka.

Nikafunga boliti nne.
Akanilipa laki sita, na debe la viazi kwa iliyobaki.

Wiki haijaisha, alfajiri, simu.
Nikaruka kitandani nikitafuta kosa langu gizani:
gurudumu? kufuli? sakitu imeshika reli?
"Hapana, fundi. Unafunguka vizuri mno.
Haulii.
Ule wa kwanza ulikuwa unapiga kelele nikiwa jikoni,
najua nani katoka, nani karudi, naongeza maji kwenye sufuria.
Huu unanyamaza kama mgeni.
Njoo uuharibu kidogo."

Miaka kumi na tisa ya ufundi,
sijawahi kubeba spana kwa kazi ya namna hiyo.
Nimesimama mbele ya beringi mpya zinazong'aa,
kitambaa mkononi, nikiifuta grisi yangu mwenyewe,
naye kaweka sikio, anasema:
bado, fundi.
Bado kidogo.