Nusu Alama

Julai, Tandala. Sakitu imelala juu ya viazi
kama chaki iliyomwagika.
Nasahihisha nimevaa mikononi soksi
nilizozikata ncha ili vidole vipumue.
Swali la nne: tambua vivumishi, kisha unda nomino zake.

Kwetu kivumishi kina adabu.
Humfuata nomino nyuma, huvaa sare yake:
mzigo mzito, gunia zito, kuni nzito,
na ukitaka nomino waongeza u, basi, uzito.
Cha Kiingereza hutangulia kama mtoto wa diwani,
heavy kwa gunia, heavy kwa kuni,
hakibadili hata kola.
Ila kikigeuka nomino, hakuna ajuaye kitatokaje.
Hot hutoka heat. Poor hurefuka hadi poverty.
Na strong, jamani, ni ndugu aliyekwenda Makambako kuuza mbao
akarudi na ukoo mwingine: strength.

Niliwaandikia ubaoni. Herufi nane, irabu moja,
kaa moja la moto katikati ya jivu.
Tukaitamka, darasa zima likatoa mvuke,
sitirengisi, stirengithi,
Osmundi Tweve kule nyuma akapiga chafya
na chafya yake ndiyo iliyokaribia zaidi.

Sasa karatasi ya Zelida Chaula.
Tunga sentensi moja yenye kivumishi.
Wenzake wameandika my house is big,
na nyumba zao nazijua.
Yeye: My grandmother is strength.

Nikazungushia duara.
Pembeni nikaandika: nomino hii, si kivumishi. Strong.
Mtihani wa taifa hausahihishwi na mimi.

Halafu nikamkumbuka huyo bibi,
siku ya kikao cha wazazi,
kaja na madebe mawili ya viazi badala ya mchango wa uji.
Aliweka dole gumba palipoandikwa mama,
akaweka palipoandikwa baba,
akauliza kama kuna pengine.

Kamusi ipo mezani. Sikuifungua.
Alama zimeshaingia rejista, mkuu amekusanya.

Ile nusu niliyomkata Zelida ninayo mimi.
Naisikia mfukoni kila ninapopiga mstari ubaoni,
nomino huku, vivumishi huku,
na chaki inakatika.