Farasi Aliyerudi Peke Yake

Chumba cha kanda kilitiwa esi
kabla ya chumba changu, mimi niliyezaliwa humu.
"Joto la Maskati hukunja kanda," alisema mama.
"Mtoto namkunja mwenyewe."

Kabati tatu za msaji, ufunguo kiunoni.
Picha za makauboi tu:
hataki wanaoimbiana bustanini,
hataki karate.
"Nipe vumbi," humwambia Koya
dukani kwake Ruwi, nyuma ya wauza dhahabu,
na Koya, Mmalabari asiyejua Kiswahili ila neno hilo,
humtolea vumbi chini ya kaunta.

Daftari lake kaliandika kwa herufi za Kiarabu,
maneno ya Unguja:
*Namba arubaini na moja. Farasi wa kijivu. Sherifu mwoga.
Wamekufa kumi na tisa, mmoja kwa uzembe.
Namba mia na sita. Stelingi mzuri, kofia si yake.
Namba mia na saba. Usimkopeshe mtu.*

Kiingereza hajui. Hututafsiria.
Mtu akifungua kinywa kule kwenye kioo
mama ameshamsemea huku:
"Anasema ng'ombe warudishwe kabla ya magharibi,
la sivyo patalala msiba."
Nilipokijua Kiingereza cha skuli
niligundua yule bwana alikuwa akiomba kahawa.
Sikusema kitu. Picha ya mama ilikuwa bora.

Mjomba Thuwein, mfuga ngamia, akija kutoka Bidiya
hukaa ukingoni mwa zulia, fimbo mapajani.
"Siku tatu mchangani, kibuyu kimoja,
na farasi hana hata jasho? Waongo hawa."
"Kunywa kahawa yako, Thuwein."
Anakunywa. Lakini haondoki mpaka adui afe.

Mwaka wa kimbunga, maji ya wadi yaliingia sebuleni.
Tulipanda juu ya paa kwa mstari, makarai kichwani:
kanda kwanza,
pasipoti,
dhahabu,
halafu baba na kiti chake.

Sababu aliitoa usiku ule, chini ya turubai,
mvua ikitupiga kama anayedai kodi.
Alikuwa na miaka kumi na miwili. Onyesho la wanawake,
Jumapili alasiri, mabuibui yamening'inia migongoni mwa viti.
Mwanamke kasimama mlangoni na taa.
Farasi akarudi peke yake,
tandiko limeinama upande.
Umeme ukakatika.
Wakarudishiwa nusu ya kiingilio.
Jina la picha hakulishika,
na wiki iliyofuata walikuwa melini.

Kumbe kanda zote hizo, mia tatu na kumi na mbili,
alikuwa akimtafuta mpanda farasi mmoja.

Mwaka huu mjukuu wake, Muhanna,
kaichimbua kwenye simu,
kwa jina lisilo na farasi wala vumbi.
Tukaiweka kwenye kioo kikubwa. Mlango uleule.
Taa ileile. Tandiko limeinama.
Mama akaushika mtandio kwa meno.

Picha ikarudi nyuma kwa nyayo za farasi,
mtoni, korongoni, hadi kilabuni:
bwana kalala chini ya meza, kalewa, anakoroma.
Asubuhi akarudi kwake kwa miguu.
Wakala mayai. Mwisho.

"Basi?"
"Basi, bibi."
"Miaka sitini namsomea Fatiha mlevi."

Hakusema tena mpaka adhana ya isha.
Kisha akavaa miwani, akaomba daftari:
*Namba mia tatu na kumi na tatu.
Farasi mwenye akili.
Hakufa mtu.*

Akapiga mstari chini ya maneno hayo, mara mbili,
akaniuliza kama mtoto wa Koya
hufungua duka Ijumaa.